Hollywood Dream ya Thunderclap Newman, santuri ya Kenyatta Market: inunue yote, si kwa ule wimbo mmoja tu

Kama unapenda roki ya kitambo na uko Nairobi, pitia kwa wauza santuri pale Kenyatta Market. Mimi nimetoka huko na Hollywood Dream ya Thunderclap Newman, bendi ya Uingereza, LP ya pekee waliyotoa kabla hawajavunjika, ya 1970. Iliitishwa 2,500, tukaongea ikafika 2,000. Kava imechakaa kwa pembe lakini muuzaji aliipanguza vumbi akaniwekea niskize kabla sijatoa pesa, na hiyo ndio huduma naipenda.

Wengi wanajua tu Something in the Air, ile ilikaa nambari moja Uingereza wiki tatu 1969, na kusema ukweli ilistahili. Gitaa na sauti ya mwimbaji wao Speedy Keen vinaenda vizuri tuu, alafu katikati wimbo unasimama kabisa na Andy Newman anaingia na piano ya mdundo mwingine, ya kizamani, ya baa, na ukidhani amepotea njia wimbo unarudi ukiwa na nguvu zaidi. Kila nikiskia hapo nasisimka. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, ndiye aliwaunganisha na akawa prodyuza, hadi besi akapiga yeye mwenyewe kwa jina la bandia, Bijou Drains. Keen alikuwa anatunga, anaimba na kupiga drums, Newman alikuwa fundi wa simu, na gitaa ilikuwa ya Jimmy McCulloch, kijana wa Scotland wa miaka 16 wakati wimbo unafika juu, yaani angekuwa huku ni mtoi wa sekondari!

Sasa unaona shida, hawa watu walikutanishwa kwa ajili ya studio, hawakuwa wamezoeana jukwaani, na LP ikatoka mwaka uliofuata wakati wasikilizaji washahamia kwingine, ikifika 1971 bendi imevunjika. McCulloch baadaye alienda Wings, bendi ya Paul McCartney, akafariki 1979 akiwa na miaka 26. Hiyo inaniuma sana, juu kwa hii santuri unamskia vizuri, haswa kwa wimbo wenyewe wa Hollywood Dream ambao hauna kuimba.

Upande wa pili unakwaruza kidogo mwanzoni, si mbaya. Ukienda, mwambie akuwekee Accidents yote, ni ndefu na ina huzuni, inahusu watoto wanaokufa kwa ajali. Ikikushika hiyo, lipa.