Niliwapa watu wa duka treni yangu ya modeli, Class 37, waiwekee sauti, wakanirudishia injini ya mtu mwingine

Nimejizuia kuandika hii kitu kwa wiki kadhaa nikisema hasira itapoa, haijapoa, basi wacha niandike tu.

Mimi nakaa Uingereza na hobi yangu ni treni za modeli, zile ndogo za kipimo cha OO, na kilichoniingiza humo si treni za Waingereza, ni babangu. Mzee alikuwa dereva wa reli, akiendesha zile injini za dizeli za klasi ya 87, enzi za East African Railways zikiitwa klasi ya 90, na sisi watoto tulilala kota za reli Changamwe tukisikia mzigo unapanda usiku kuelekea Mazeras. Injini ile hata ukiwa usingizini waijua. Ilitengenezwa na English Electric, silinda 12, jina lake 12CSVT, na hiyo hiyo ndiyo iliyo tumboni mwa treni za dizeli za huku ziitwazo Class 37, zile 309 zilizoanza kutoka kiwandani 1960. Bodi tofauti, magurudumu tofauti, reli zetu nyembamba kuliko zao, lakini kifua ni kimoja. Huku wapenzi wake waziita trekta kwa ule mngurumo. Kwa hivyo mtu akinambia 37 ni treni ya kizungu namwambia funga macho kwanza usikilize.

Modeli ya 87 sijaiona dukani hata siku moja, nikanunua 37, ikaja bubu. Yaani yapita kwenye reli kimyaa, yasikika mota tu inalia kama cherehani. Nikakaa nayo hivyo mwaka na zaidi, mwishowe nikasema hapana, nitie sauti. Nikachagua LokSound 5, chipu ya kutoa sauti inayofungwa ndani ya modeli, manake mlio wake umerekodiwa kwenye injini halisi. Kufunga mwenyewe niliogopa, kwa sababu waya wa spika ukigusa chasi tu amplifaya ya chipu imekufa, na chipu si hela kidogo. Nikatafuta duka linalofunga, bei na kazi yake ikapita pauni 150, nikapiga simu mara mbili, MARA MBILI, kuhakikisha: nataka sauti ya 37, English Electric, si nyingine. Jamaa akanambia sawa sawa hakuna shida.

Nikangoja karibu miezi miwili. Siku ilipofika sikula hata chakula cha jioni, nikaiweka relini, nikaminya kitufe cha kuwasha... jamani. Ikaanza kulia vuuuuu moja kwa moja, kama jenereta ya harusi, tena mlio mwembamba wa kukwaruza, kama nzi ameingia kwenye kopo la maziwa. Nikajiambia labda ni masikio yangu, miaka imepita. Nikarekodi nikamtumia mzee WhatsApp bila kumwambia kitu. Mzee ana miaka themanini na kitu, sikio moja limechoka kwa ajili ya hizo hizo injini, na akanijibu kwa sauti haikupita dakika: "Mwanangu, hii si yetu. Hii yakimbia tu, haina pumzi."

Haina pumzi! Na ndivyo ilivyo kabisa, manake wale walikuwa wameniwekea sauti ya Class 66, injini ya Marekani ya EMD, tustroki. Tustroki kila silinda yawaka kila mzunguko, ndo maana yavuma bila kupumua. Ya English Electric ni fostroki, yawaka mzunguko mmoja yaruka mmoja, ikiwa imesimama unazihesabu kabisa gu, gu, gu, gu, alafu ikivutishwa mzigo inaanza kunguruma chini huku turbo yapiga mluzi juu yake. Mtoto wa kota anazitofautisha.

Nikapiga simu. Hapa ndipo moto ulipowaka. Jamaa hakukataa, akasema ndiyo, chipu aliyokuwa nayo tayari ilikuwa na sauti ya 66 akaona aiwache, "dizeli ni dizeli, hakuna mtu atakayejua." Nikamwambia mimi nimejua na babangu amejua akiwa Mombasa kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Nikamweleza habari ya 87, nikiamini fundi wa treni atafurahi kusikia. Unajua alichonijibu? "Kwani kwenu kuna treni?"

Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa 1896, 1901 ikafika Kisumu, na waliojenga ni serikali ya nchi yake yeye! Injini zenyewe zimetoka viwanda vya kwao! Mtu anauza modeli za treni na hajui treni za nchi yake zilikwenda wapi. Nilikata simu mikono yatetemeka.

Nikaifungua mwenyewe usiku huo huo, sikuogopa tena. Na niseme haki, solda zake ni safi, waya zimepangwa vizuri, kanda ya njano ya kukinga ameweka panapohitajika. Hapo nikaanza kujiuliza labda nawaonea, labda ni mtu alikuwa na siku mbaya. Alafu nikaifikia spika. Spika ni ile ndogo ya shugakyubu, yaani kama kipande cha sukari, inakuja na kiboksi chake cha nyuma, kile kiboksi HAKIPO. Ameibandika uchi na gundi ya karatasi. Spika bila boksi lililozibwa, hewa ya nyuma yazunguka inakutana na ya mbele zinauana, besi yote yapotea, na hiyo besi kidogo ndiyo yote uliyo nayo kwenye kitu kidogo hivyo. Kwa kuficha hilo akapandisha CV 63, yaani namba ya chipu inayopanga ukubwa wa sauti yote, hadi mwisho, ndo maana ilikuwa yakwaruza. Nyota moja. Nilikuwa nimefikiria kuwapa mbili kwa ajili ya solda, ya pili nimeirudisha.

Boksi nimepata kwa pauni chache, nikaziba kingo zote na gundi, nikashusha CV 63 karibu nusu. Mzee mmoja wa klabu yetu ana LokProgrammer, kifaa cha kubadilisha sauti iliyo kwenye chipu, akafuta ile 66, akaweka rekodi ya 37 yenyewe, akakataa hela. Tukaiwasha pale pale mezani. Sijui niseme nini. Chipu ni ileile, waya zilezile, na mimi nimesimama na nywele za mkono zimesimama. Kwa hivyo mtu asisome hasira zangu akaacha kuweka sauti, weka, weka hata kesho, hakuna kitu kizuri kuliko hiki nimewahi kuifanyia hii hobi. Bado yakatika kidogo ikipita kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, kwa sababu kapasita ya kushika umeme kidogo hawakuifunga, nitaifunga mimi.

Nikamtumia mzee tena. Safari hii alichelewa kujibu, nikadhani amelala. Akanitumia sauti, kwanza kimya, nyuma yasikika ile video yaenda, amerudia mara tatu nne. Alafu: "Injini ndiyo. Honi siyo."

Kweli, honi ni ya Kiingereza, ya toni mbili, yetu haikulia hivyo. Ndugu zangu mliokulia Voi, Makadara, Mtito, mwenye rekodi ya honi ya 87, hata iwe mbovu, aniandikie.