Kitabu cha picha cha ngoma: kizuri, ila mtoto anaingia nyumba za watu bila hodi

Nilikinunua Dar es Salaam kwa shilingi 9,000, nikarudi nacho Bagamoyo kwenye basi nimekifunga ndani ya khanga kisikunjike. Jina silitaji, maana nina maneno nacho.

Kisa ni kifupi. Binti ana ngoma ya marehemu babu yake, imelegea, haitoi sauti. Anazunguka mtaani: huyu anampa kamba, yule kipande cha ngozi ya mbuzi, mwingine makuti ya kuwashia moto, na bibi mmoja hana kitu ila anaujua wimbo. Mwisho wanacheza barazani.

Ukurasa wa moto ndio ulionitoa hela. Ngoma imelazwa, uso wake umeelekezwa motoni, mzee anaigonga kwa kidole kimoja huku ametega sikio. Ndivyo hasa. Huku pwani unyevu unailegeza ngozi; ukiipasha inakauka, inakaza, sauti inapanda. Ukizidisha, inapasuka. Aliyechora hapa hakuhadithiwa, kaona mwenyewe.

Zeze, sasa, kaliharibu. Mwanangu ana miaka sita, na tunakaa mji wenye TaSUBa, kile Chuo cha Sanaa cha tangu 1981, wanafunzi wanapita na vyombo begani. Akaniuliza, "Mama, upinde wake uko wapi?" Kutazama, kweli: mtu kalikumbatia zeze, anadonoa nyuzi kama mpiga gitaa. Zeze tunalolijua hapa husuguliwa kwa upinde! Na hapa ndipo alipoishi Hukwe Zawose, yule mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo aliyepiga zeze, mpaka akafariki mwaka 2003. Zeze la namna hiyo utamwonyesha nani Bagamoyo?

Jioni nikawasomea watoto wa majirani, kama saba hivi. Nyumba ya pili tu, mmoja akanikatiza: "Mbona hajapiga hodi?" Nikarudi nyuma. Kumbe nyumba zote binti anajiingilia tu, na wenyeji wanatabasamu. Jirani yangu muuza vitumbua akadakia, "Kwangu angetoka na mwiko." Basi tukaanza upya. Kila nikifunua ukurasa wao wanapaza, "Hodi!", nami, "Karibuni!" Kikanoga kuliko kilivyoandikwa.

Majirani wa kitabuni wenyewe wamepakwa sukari mno. Hakuna anayelalamikia kelele, hakuna mgonjwa, hakuna aliyelala. Mtaani kwetu ngoma ya mdundiko ikipita, anayegomba wa kwanza dirishani ndiye huyo huyo utakayemkuta mbele anakata kiuno. Huyo ningependa kumwona kitabuni. Na lugha pia: jirani gani wa pwani anamwambia mtoto "nitafurahi sana kukusaidia"? Tunasema, "Lete hapa mwanangu, hebu tuone."

Karatasi ni nzito na rangi hazichuji hata kwa vidole vyenye mafuta. Pini ndizo hovyo, zimeachia wiki ya pili. Nimekishona kwa uzi wa nyavu niliopewa na mvuvi mmoja pale sokoni, sasa kimekaza kuliko kipya.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kwa ajili ya ule ukurasa wa moto, nikikumbuka zeze nairudisha mfukoni. Kitabu chenyewe sinacho hapa. Kimeazimwa nyumba ya tatu tangu Jumapili, na nasikia kimeshavuka barabara.