Civilization VII: Buganda imeingia, sasa tunaidai Kilwa

Mwangaluka watazamaji wangu, na salamu kwenu nyote mnaotazama kutoka pande nyingine za Ziwa Victoria: Bukoba, Musoma, Kisumu, Entebbe. Leo ni Civilization VII, gemu la kujenga taifa na kulipigania zamu kwa zamu. Sitakaa kwenye picha wala sauti, hayo wengi wameshayachambua tangu gemu hili lilipotoka Februari 2025. Nataka tuiangalie orodha ya mataifa. Nani kapewa nafasi, nani kaachwa, na huyo aliyepewa, je, ametendewa haki?

Kwa ambaye hajalicheza: unachagua kiongozi, halafu unachagua taifa, na si lazima viendane. Hatshepsut wa Misri anaweza kuiongoza Roma. Mchezo una zama tatu, za kale, za uvumbuzi na za kisasa, na lilipotoka, kila zama zikiisha ulikuwa unaliacha taifa ulilonalo na kuchukua jingine. Upande wa Afrika, lilitoka likiwa na Misri na Aksum kwenye zama za kale, Songhai katikati, Buganda mwishoni. Carthage ikaja baadaye kama nyongeza ya kulipia. Wazulu, ambao wamekuwemo tangu toleo la kwanza kabisa la 1991, safari hii hawakuwamo lilipotoka, na mimi sioni ubaya. Wamepewa zamu nyingi.

Ila Buganda! Majirani zetu wa ziwa hili hili. Nilifurahi na bado nafurahi kila ninapoichagua. Na waliolitengeneza walisoma. Jengo la ajabu linaloendana na taifa hili ni Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya nyasi ya makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, pale Kasubi, iliyojengwa 1882, ikaungua Machi 2010, ikajengwa tena. Limo pia Ziwa la Kabaka, lililochimbwa na watu kwa amri ya Kabaka Mwanga miaka ya 1880. Mtu wa Kampala akiona hivyo kwenye skrini anajua kuna aliyemheshimu.

Sasa icheze. Faida zake kubwa zinatoka kwenye uporaji, na kikosi chake cha pekee, Abambowa, ni askari wa nchi kavu. Hapo ndipo ninapogombana na gemu hili, kwa sababu nguvu ya Buganda ya karne ya 19 ilipita majini. Msafiri Stanley alipoanza kulizunguka ziwa Machi 1875 aliondokea Kageye, hapa hapa Magu, na aliporudi kwa Kabaka Mutesa Agosti mwaka huo alimkuta vitani dhidi ya watu wa visiwa vya Buvuma. Mitumbwi ya vita aliyoieleza ilikuwa zaidi ya 200. Na usiwaze mitumbwi ya kuchonga gogo moja. Wajenzi wa visiwa vya Ssese waliweka gogo refu chini kama uti wa mgongo, wakapandisha mbao ubavuni na kuzishona kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja. Mbele pua inatokeza, na juu yake kuna nguzo iliyopambwa pembe na manyoya. Msimamizi wa jeshi hilo la majini alikuwa na cheo chake, Gabunga, na cheo hicho kilikuwa cha ukoo wa Mmamba. Mmamba ni kamongo, samaki ambaye kila mtoto aliyekulia Kirumba anamjua.

Hebu fikiria hiyo ndani ya gemu! Jeshi lako linavuka ziwa kwa zamu moja, linashuka nyuma ya adui aliyejenga ngome zake zote barabarani. Mji wa ufukweni unaulisha mwingine ulio ng'ambo. Lakini katika mfululizo huu ziwa ni mahali pa kuvulia samaki tu. Civilization V ilikuwa na Ziwa Victoria lenyewe, likiwa miongoni mwa maajabu ya asili, na kazi yake ilikuwa kukupa chakula 6. Sisi tunaoishi hapa tunajua ziwa ni barabara. Dagaa, ndizi, simu, biharusi na jamaa zake, vyote vinapita juu ya maji kwenda Ukerewe na kurudi. Ukiitia Buganda kwenye gemu halafu ziwa ukaliacha hivyo hivyo, umechukua jina na mavazi, nguvu yenyewe umeiacha nje.

Kipimo changu basi ni hiki. Taifa linastahili kuwemo kama likinilazimisha kuwaza tofauti na nilivyowaza nikiwa Roma. Ukubwa wa eneo haunishughulishi, wala idadi ya magofu ya mawe yaliyosalia.

Kwa kipimo hicho kuna pengo moja ambalo sikubali kulinyamazia. Ukiwa Songhai, zama za katikati zikiisha gemu linakufungulia Buganda. Jamani! Kutoka Gao kwenye mto Niger hadi Mengo, makao ya Kabaka, ni zaidi ya kilomita 3,500. Songhai ilivunjwa na jeshi la Morocco pale Tondibi mwaka 1591, na haikuwa na uhusiano wowote na ziwa hili. Imewekwa hapo kwa sababu zama za katikati zilikuwa na taifa moja tu la kusini mwa Sahara, basi likabebeshwa bara zima.

Na zama zenyewe zinahusu nini? Bahari, dini inayosafiri, na merikebu za hazina zinazoleta mali kutoka nchi za mbali. Niambie kama hiyo si Kilwa! Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya mia, na bwawa la kuogea la pembe nane, juu ya jabali linaloitazama bahari. Walikuwa na sarafu zao za shaba, na moja imechimbuliwa Great Zimbabwe. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Ibn Battuta huyo huyo ni kiongozi unayeweza kumchagua kwenye gemu hili! Mgeni kapewa kiti, mwenyeji hana hata mlango.

Mfululizo huu si kwamba hautujui. Wimbo wa kufungulia Civilization IV ni Baba Yetu, sala kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza uliotungiwa gemu kushinda Grammy. Civilization VI iliiweka Zanzibar kama dola ya mji mmoja unayofanya nayo urafiki ili upate karafuu na mdalasini, na Kilwa Kisiwani ikawa jengo la ajabu ambalo hata Mjerumani anaweza kulijenga. Lugha yetu, viungo vyetu, mawe yetu. Watu wenyewe hawajachezeka.

Najua jibu litakalokuja: Waswahili hawakuwa dola moja, kila mji ulijitawala. Kweli kabisa. Na Wagiriki je? Athens na Sparta zilipigana miaka na miaka, na Ugiriki haijawahi kukosa nafasi. Kujitawala kwa miji ndiko kunakofaa kuwa mchezo wenyewe. Unakuwa Kilwa; Mombasa, Pate na Sofala huzitawali, unazivuta kwa biashara na ndoa. Kaskazi ikivuma meli za Uarabuni na Bara Hindi zinaingia bandarini, kusi ikianza zinaondoka, na wewe unapanga kila kitu kwa majira hayo. Ukichelewa kuuza, mali inalala ghalani hadi upepo ugeuke. Hilo Roma hailijui. Kisha 1505 Wareno wanaingia na mizinga, na unaona kama mji usio na jeshi kubwa unaweza kusalimika kwa akili.

Kwenye zama za kisasa, pembeni ya Buganda, nawataka Wanyamwezi pamoja na ndugu zao Wasukuma. Mnaniuliza kila mara, mbona usipiganie Wasukuma peke yao? Watemi wetu, yaani machifu, walikuwa wengi, kila mmoja na nchi yake, na mambo yake mkayaone Bujora, pale makumbusho. Kilichotoka huku bara kikaigusa dunia ni misafara, na hiyo tuliibeba pamoja na Wanyamwezi. Pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, shaba ya Katanga, majembe ya chuma, vyote vilibebwa begani kwa mtu, na pembe zikafika hadi Bagamoyo. Vijana waliondoka kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Kila zamu unaamua: niwapeleke wangapi njiani, wangapi wabaki shambani? Ukiwachelewesha huko mbali, mvua inanyesha na mashamba hayana mikono. Viongozi wapo. Mirambo alijenga dola kwa vijana wa rugaruga, yaani wapiganaji wake, na kuanzia 1871 akaifunga njia ya biashara hadi wafanyabiashara Waarabu wa Tabora wakalazimika kumtambua. Msiri alitoka Unyamwezi na msafara, akaishia kuwa mfalme Katanga hadi alipouawa 1891.

Zama za kale ningewapa wafua chuma wa Buhaya. Karibu miaka 2000 iliyopita, upande ule wa Bukoba, watu walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuri za udongo, na wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliirudia mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery miaka ya 1970. Buhaya, Kilwa, kisha Buganda au Unyamwezi. Hiyo ndiyo njia ya zama tatu ninayotaka kuichagua, na haihitaji kuvuka Sahara.

Je, ununue? Lilitoka kwa dola 70 bila nyongeza, na kwa wengi wetu hiyo ni hela ya kuwaza mara mbili. Kama umelipenda kwa ajili ya Buganda, subiri lipunguzwe bei, kisha lichukue, litakupa furaha nyingi licha ya niliyoyasema. Kama huna kompyuta yenye nguvu, Civilization VI ipo hadi kwenye simu, na Mansa Musa wa Mali aliyeko kwenye nyongeza zake ni fundi wa kuufundisha mkono wako uchumi wa jangwani.

Nawaachia swali la kujibu hapo chini: zama za kisasa wakikupa nafasi moja tu ya kiongozi wa kanda hii, unamweka Mutesa au Mirambo? Mimi namweka Mirambo. Wa Kampala, njooni mnipinge kwa hoja. Wabeja sana.