Lahajedwali ya kukadiria nguvu ya kuvuta mabomba: uzoefu wangu

Naipa nyota nne kati ya tano. Inafuata ASTM F1962, kiwango cha Kimarekani cha kupitisha mabomba ya poliethilini (plastiki) chini ya mito na barabara bila kuchimba mtaro, kwa kuyavuta ndani ya shimo lililotobolewa.

Sehemu inayostahili sifa ni hesabu ya kuelea. Bomba la kipenyo cha milimita 200, SDR 11 (kipenyo ni mara 11 ya unene wa ukuta), lina uzito wa kama kilo 10 kwa mita. Likizama kwenye tope la bentonaiti (udongo wa mfinyanzi wa kuchimbia) lenye uzito mara 1.2 ya maji, linasukuma kando kilo 38 za tope. Kwa hiyo bomba tupu linabanwa juu kwa kilo 28 kila mita, likikwaruza dari ya shimo. Lijaze maji, zinabaki kilo 7. Kwa mita 150 na kizidishi cha msuguano 0.3, mvuto wa kilonewtoni 12 unashuka hadi 3. Ila jaza ile sehemu iliyokwisha kuingia shimoni tu, kwa mpira wa maji uliopitishwa ndani hadi mbele. Ukijaza mpaka nje, rola zitabeba kilo 31 kwa mita bure.

Kona za shimo nazo huzidisha mvuto, hazijumlishi. Jumla ya digrii 30 huzidisha mvuto wote uliotangulia kwa 1.17. Ndiyo maana mkia (sehemu ya bomba iliyo bado nje) ukiburuzwa chini (msuguano 0.5) badala ya kupita juu ya rola (0.1), hasara inakua njiani.

Nyota ya tano imepotea kwenye kisanduku cha kikomo cha mvuto ambao bomba linaweza kuhimili. Kimefungwa kwenye megapaskali 8, yaani kilonewtoni 83 kwa bomba hilo. Namba hiyo ni ya nyuzi joto 23 za Selsiasi na uvutaji usiozidi saa 12. Bomba jeusi lililoshinda juani ni laini kuliko hapo, na lahajedwali haiulizi joto wala muda. Nashusha kikomo mwenyewe.

Jambo jingine: usilinganishe jibu na geji ya mashine. Geji inasoma pia riima (kichwa cha kupanua shimo) na fito zote za kuchimbia zinazokwaruza shimoni. Kipimo cha kweli hukaa kati ya swiveli (kiungo kinachozuia bomba lisizunguke na fito) na kichwa cha bomba. Kama hakipo, funga hapo kiungo dhaifu kinachokatika kabla ya kikomo. Shimo likibomoka au uvutaji ukisimama hadi tope likagande, hakuna fomula itakayokuonya.