Kamera za mtindo wa renjifainda kwa bei nafuu: ipi ununue

Anayengoja kamera ya kidijiti yenye renjifainda halisi, yaani dirisha la kutazamia linalokusaidia kufokasi kwa jicho, kwa bei ya mtu wa kawaida atangoja sana. Epson ndio waliotangulia, mwaka 2004, kwa R-D1 ya megapikseli 6, kisha wakaachana na biashara hiyo. Leica wakafuata na M8 mwaka 2006, na tangu hapo soko limekuwa lao karibu peke yao. M11 ya mwaka 2022 ilianza kuuzwa kwa dola 8,995. Pixii wa Ufaransa wamejitahidi kuwa chini ya hapo, lakini nao wanauza kwa maelfu ya euro. Sababu imo ndani ya chombo chenyewe. Renjifainda ni vioo na prizimu vinavyoleta picha mbili zikutane juu ya kitu unachokipiga, pamoja na kimkono kinachofuata mzunguko wa lenzi. Vyote hivyo hurekebishwa na fundi kwa umakini mkubwa, na wanunuzi ni wachache mno kuigawana gharama. Oktoba 2025 hata Leica wakatoa M EV1, kamera ya familia yao ya M isiyo na renjifainda, yenye skrini ndogo ya kutazamia badala yake. Bado ni ghali.

Kwa hiyo hela yako iende kwenye kamera za mtindo huo: bodi bapa, dirisha la kutazamia kwenye kona ya kushoto. Ukiliweka jicho la kulia hapo, pua haigusi skrini na jicho la pili linabaki huru kuona nani anakuja. Kwa anayepiga picha za mtaani, hilo ndilo la maana kuliko sura ya zamani inayowavutia wengi.

Nafasi ya kwanza naipa Fujifilm X-E3 iliyotumika. Ilitoka mwaka 2017, ina megapikseli 24, ni nyepesi, na kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie) unaichagua kwa gurudumu lililo juu ya bodi bila kuingia kwenye menyu. Haina kizuia mtikisiko wala kinga ya vumbi na mvua, na skrini yake haikunjuki. Ifungie lenzi ndogo kama XF 27mm, au TTArtisan 27mm f/2.8 ambayo ni ya bei ya chini na bado inajifokasi yenyewe. Kwa nini nisikutume dukani ukanunue mpya? X-E4 iliingia sokoni mwaka 2021 kwa takriban dola 850. X-E5 ya mwaka 2025 ilianza kwa dola 1,699, bodi tupu bila lenzi. Ni kamera bora zaidi, lakini bei imekuwa maradufu ndani ya miaka minne, na sioni kampuni ikiishusha wakati wanunuzi wapo.

Ya pili ni Fujifilm X100F, ya mwaka 2017 pia. Dirisha lake lina kioo cha kawaida chenye mistari ya fremu, kwa hiyo unaona kilicho nje ya picha kabla hakijaingia. Ni chache za bei hii zinazokukaribisha hivyo kwenye uzoefu wa renjifainda. Lenzi haibadiliki, na shata yake ni ya kimya sana. Iache X100V, iliyoifuata, kama muuzaji anadai bei ya mpya: ilipata umaarufu TikTok na bei za mitumba zikapanda mno. X100VI ilitoka mwaka 2024 kwa dola 1,599. X100 ya kwanza, ya mwaka 2011, ni nafuu, ila fokasi yake ni ya polepole na baadhi zilipata ugonjwa wa kunata kwa visu vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi.

Mwenye mfuko mwembamba achukue Panasonic GX80 ya mwaka 2016, iliyouzwa Marekani kama GX85. Kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, ni kidogo na dirisha lake huonyesha michirizi ya rangi unapogeuza macho haraka, lakini kizuia mtikisiko kimo ndani ya bodi na lenzi zake ni ndogo na nyingi. Sony a6000 ya mwaka 2014 inaifuata: ina kasi nzuri, ila inashikika kama chombo cha ofisini.

Leica M8 na M9 za mtumba zitakushawishi. Jizuie. M8 hugeuza nguo nyeusi za nailoni kuwa zambarau usipoweka filta maalumu, na vihisi vya M9 vilipata kutu. Leica waliwahi kuvibadilisha, kisha vipuri vikaisha.

Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya lenzi utafute kuvu, hasa kamera ikiwa imekaa pwani. Funga tundu la lenzi mpaka f/16, piga picha ya ukuta mweupe, ukuze uangalie madoa ya vumbi kwenye kihisi. Na kama ni Sony iliyoletwa kutoka Japani, fungua menyu ya lugha kwanza: nyingi zilizouzwa huko zina Kijapani tu.