Mafundi chokaa waliofufua gofu letu la Pangani: kuta safi, kifusi kero

Nyumba inayohusika iko mtaa wa pili kutoka mtoni mjini Pangani, duka chini na makazi ghorofani, kama zilivyo nyingi zilizojengwa na wafanyabiashara wakati misafara ya pembe za ndovu ilipoishia hapo na majahazi yalipokuwa yakipakia sukari mtoni. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 iliihamisha biashara hiyo, mkonge ukaubeba mji kwa miongo kadhaa, na bei ya mkonge ilipoanguka, wenye nyumba wengi walifunga milango na kuondoka. Yetu tuliirithi ikiwa imekaa tupu kwa zaidi ya miaka 20: paa limetoboka, dari ya chumba cha nyuma imeanguka, popo wamehamia, na mti wa jamii ya mkuyu umeota juu ya ukuta wa ua na kuteremsha mizizi hadi barazani. Majirani waliiita gofu hata mbele yetu, nasi hatukuwa na hoja ya kuwakatalia.

Kabla ya kuwapata mafundi ninaowaandikia tathmini hii, mkandarasi mmoja alitushauri tuibomoe na kujenga ya matofali ya saruji, na mwingine akapendekeza kubandua lipu yote na kupiga mpya ya saruji ndani ya wiki tatu. Shauri la pili lilivutia kwa bei, ila ushahidi dhidi yake ulikuwa ukutani. Miaka mingi iliyopita mbele ya nyumba ilipigwa saruji, na saruji hiyo ilikuwa ikidondoka kwa vipande vikubwa kama trei, kila kipande kikiwa kimeng'oa uso wa jiwe la tumbawe nyuma yake. Ukuta wa matumbawe na chokaa hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kidogo kidogo. Ukizibwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na chumvi ikiganda kwenye vitundu vya jiwe hulimung'unya mpaka likawa unga.

Mafundi tuliowapa kazi ni sita, wakiongozwa na mzee mmoja ambaye hatukuthubutu kumwita kwa jina. Alikataa kutaja bei mpaka aione nyumba ikiwa imelowa, akarudi siku ya mvua ya vuli, akapitisha kiganja ukutani chumba kwa chumba na kuchora alama kwa mkaa kila palipokuwa na ubaridi. Kisha akasema, "Mwanangu, ukuta huu mzima, hiyo saruji ndiyo inayoumaliza." Makadirio yake yalizidi ya yule wa wiki tatu karibu mara mbili, na muda aliotaka ulikuwa miezi mitano.

Usafi peke yake ulichukua wiki tatu, na hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Hawakuwaua popo, walisubiri watoke magharibi, wakaziba matundu kwa wavu usiku uleule, wakarudia siku nne mpaka wakabaki na uhakika kwamba ndani hamna kitu. Mbolea ya popo waliilowesha kwanza ili vumbi lake lisipande, wakaizoa wakiwa wamejifunga barakoa, na magunia yakachukuliwa na wakulima wa mchicha. Kuhusu mti, ndugu yangu alishauri tumwage chumvi kwenye kisiki ili mizizi ife. Mzee alimtazama kama mtu aliyetukana. Chumvi ikishaingia katika ukuta wa aina hii huvuta unyevu miaka na miaka, kwa hiyo waliikata mizizi vipande vifupi, wakaacha ile iliyoshika mawe ikauke humo humo, na kuitoa mmoja mmoja huku wakijaza nafasi yake kwa mawe madogo na chokaa.

Chokaa yenyewe inastahili kuelezwa, maana ndiyo huduma hasa tuliyoilipia. Ililetwa kutoka upande wa Tanga, takriban kilomita 50, ikiwa chokaa ya mawe iliyochomwa, si ya matumbawe mabichi ya baharini. Walichimba shimo uani, wakalijaza maji, wakaitumbukiza chokaa ikachemka kwa kishindo hadi watoto wa jirani wakakimbia, kisha wakaifunika na kuiacha humo wiki nane. Ilipotolewa ilikuwa laini na nzito kama siagi, ikishika kwenye mwiko bila kuteleza. Waliipiga ukutani kwa matabaka membamba matatu, na kwa kuwa jua la kaskazi lingeikausha kabla haijashika, walitundika magunia mabichi mbele ya kila ukuta na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu. Anayeiharakisha hupata nyufa.

Dari ilirudishwa kwa boriti za mikoko zilizopatikana kwa kibali, kwani mikoko ni misitu ya hifadhi na haikatwi kiholela. Urefu wa boriti ndio unaoeleza kwa nini vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, jambo ambalo nililichukia utotoni na sasa nimelikubali.

Malalamiko ninayo. Miezi mitano ilikuwa saba, na wiki mbili kati ya hizo zilipotea kwa sababu tu hawakutuambia mapema kwamba wana kazi nyingine Bweni, ng'ambo ya mto. Stakabadhi tulizipata kwa kuzidai. Fundi umeme waliyemleta wao alichimba mfereji wa nyaya katika ukuta uliokwisha kupigwa tabaka la mwisho na kuuziba kwa saruji, hali mzee yupo safarini. Aliporudi aliubomoa kwa gharama yake, lakini kiraka kinaonekana mpaka leo kwa anayejua pa kuangalia. Kubwa kuliko yote ni kifusi, kilichorundikwa mtaani hadi kikaziba njia ya mikokoteni, nasi wenye nyumba ndio tuliokwenda kuwaomba radhi majirani mlango kwa mlango.

Masika moja imeshapita tangu wamalize chini. Ukuta wa mbele ulilowa na ukakauka wenyewe ndani ya siku chache, bila lengelenge wala ile harufu ya kuvunda niliyoizoea, na duka limepata mpangaji anayeuza vitambaa, kitu ambacho asingethubutu kukipanga ukutani hapo awali. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji hana haja nao. Mwenye nyumba ya zamani anayetaka kuhamia kabla ya sikukuu ijayo pia asiwasumbue. Sisi tumewapa kazi ya ghorofani, itakayoanza baada ya vuli, kwa mkataba wenye sharti jipya nililoliandika kwa mkono wangu: kifusi kiondolewe mtaani kila Alhamisi kabla ya alasiri, la sivyo malipo ya wiki hiyo yanasubiri.