Arduino Uno R3 kama kizalishaji cha wimbi la sini

Arduino Uno R3, bodi ndogo ya elektroniki inayoprogramiwa, haikubuniwa kuzalisha mawimbi laini, na mikrokontrola yake (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), ATmega328P, haina sehemu yoyote ya kugeuza tarakimu kuwa volteji ya analogia. Ilicho nacho ni taima tatu zinazotoa mapigo yenye upana unaobadilika, yaani PWM, na ninachokipima hapa ni kama mapigo hayo, wastani wake ukibakishwa na kichujio, yanaweza kuzaa wimbi la sini (lile linalopanda na kushuka kwa ulaini) lililo safi kiasi cha kuaminika kwenye meza ya majaribio. Kwa masafa yasiyozidi takriban 1 kHz yanaweza, tena kwa ubora unaostahili heshima.

Anayetumia peke yake analogWrite, amri ya kawaida ya Arduino ya kutoa PWM, atakata tamaa mapema, kwa kuwa pini nyingi hutoa mapigo ya 490 Hz hivi, na mapigo ya polepole kiasi hicho hayatenganishiki na wimbi lenyewe kwa kichujio cha kawaida. Dosari hiyo ni ya mipangilio ya awali, wala si ya chipu. Taima ya 2, inayoendesha pini 3 na 11, hupokea saa ya 16 MHz ikiwa imeshagawanywa kwa 64; ukiuondoa mgawanyo huo katika TCCR2B, rejista (sehemu ya kumbukumbu) inayopanga mwendo wa taima hiyo, mapigo hupanda hadi 31.37 kHz, na ukichagua mtindo wa haraka hufika 62.5 kHz. Napendelea mtindo wa kwanza, ule wa 31.37 kHz, ingawa ni wa polepole, kwa sababu taima huhesabu ikipanda kisha ikishuka, pigo likabaki katikati ya kipindi chake, na thamani ya 0 hutoa volti 0 kweli, ilhali mtindo wa haraka huacha pigo jembamba sana hata kwenye 0.

Lakini usafi wa wimbi huamuliwa na kichujio. Rizista ya 1 kΩ na kapasita ya 100 nF huanza kukata karibu na 1.6 kHz. Pigo linapokuwa nusu ya kipindi chake, mabaki ya 31.37 kHz yana kimo cha takriban volti 3.2, na hatua moja ya kuchuja huyashusha hadi 160 mV tu, kiasi kinachoonekana wazi kwenye osiloskopu kama unene wa mstari. Ongeza hatua ya pili ya 10 kΩ na 10 nF, na mabaki hushuka hadi 8 mV hivi, chini ya ngazi moja ya biti 8 (volti 5 zikigawanywa kwa ngazi 256), ambayo ni karibu 20 mV. Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa kukimbilia biti 10 za taima ya 1: mapigo yangeshuka hadi 15.6 kHz, na kichujio kile kile kingeacha mabaki ya zaidi ya 30 mV, yanayozifunika ngazi ndogo za 5 mV ulizozitafuta. Gharama ya hatua mbili ni kwamba kimo cha wimbi la 1 kHz hupungua hadi takriban asilimia 70, ila umbo lake haliharibiki.

Upande wa programu ndio ulionifurahisha zaidi. Jedwali la sampuli 256 za wimbi na kihesabio cha biti 32 kinachosogezwa kila kipindi cha mapigo ili kuchagua sampuli inayofuata hukuwezesha kupanga masafa kwa hatua ndogo kuliko sehemu moja ya laki moja ya Hz. Thamani mpya huwekwa kwanza kwenye akiba, kisha taima yenyewe huipokea inapofika kilele cha hesabu, kwa hiyo ucheleweshaji mdogo unaosababishwa na taima ya 0, ile inayohudumia millis (amri ya kuhesabu milisekunde), hauhamishi ukingo wa pigo hata kidogo mradi thamani ifike kabla ya kilele. Huo ni usanifu mzuri sana. Hata hivyo, hatua ndogo za masafa zisichukuliwe kuwa ndio usahihi, kwani saa ya ATmega328P kwenye bodi hii hutokana na rizoneta ya kauri (kipande cha kauri kinachotetema), ambayo haina uthabiti wa kristali ya kwatzi.

Udhaifu unaonisumbua zaidi ni umeme wa bodi. Kimo cha mapigo ni volteji ile ile ya volti 5 inayoilisha chipu, hivyo kelele yoyote ya kebo ya USB hupita moja kwa moja hadi kwenye wimbi, na ile iliyo ndani ya masafa ya wimbi haiondolewi na kichujio. Chanzo tulivu cha umeme kina faida kubwa kuliko marekebisho yoyote ya programu. Kwa anayehitaji makumi ya kHz na kuendelea, bodi hii haifai. AD9833, chipu iliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo ikiwa na kigeuzi cha biti 10 ndani yake, ndiyo ya kununua.